Rangi Chache za Ituri

Mchoraji anayeanza leo Ariwara, mji wa soko katika eneo la Aru, jimbo la Ituri nchini Kongo, karibu na mipaka ya Uganda na Sudan Kusini, akifungua programu ya kuchora kwenye simu hukabidhiwa rangi 16,777,216 kabla hajachora hata mstari mmoja. Ni ngazi 256 za nyekundu, 256 za kijani na 256 za buluu, zikizidishwa pamoja. Kwa mgeni wa kazi hii, wingi huo ni mzigo. Historia ya rangi katika jimbo hilihili la Ituri na kwa majirani zake inaonyesha kwamba jicho hufundishwa na rangi chache, na kwamba mwenye simu anafaa kuanzia palepale.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti wamechora kwa vizazi juu ya kitambaa cha gome. Wanaume walibandua gome la ndani la mtini, wakalilowesha na kulipiga kwa nyundo ya pembe ya ndovu au ya mti mpaka likalainika. Wanawake ndio waliolichora kwa vidole na vijiti. Weusi ulitoka kwenye utomvu wa tunda la gardenia uliochanganywa na makaa, wekundu kwenye mti wa ngula. Rangi ya tatu ilikuwa gome lenyewe. Vitambaa hivyo vilionyeshwa Paris mwaka 1991 katika jumba la Musée Dapper, na anayevitazama huona mistari inayokatika ghafla, mapambo yanayobadili mwendo, na sehemu kubwa zilizoachwa tupu. Uhai wote wa picha unatokana na tofauti ya giza na mwanga, jambo ambalo anayeanza kwenye skrini hulisahau mapema kuliko mengine yote.

Dar es Salaam mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi ya mafuta iliyotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao za kiwandani. Alitandaza kwanza rangi ya nyuma, kisha akaweka mnyama au ndege juu yake. Mpangilio huo ndio matabaka ya programu za leo: mistari tabaka la juu, rangi bapa chini yake, na kivuli katika tabaka lake kwa hali ya kuzidisha, ambayo hutia giza bila kufuta kilicho chini. Mbinu hii ni ya kale. Kompyuta imeongeza tu uwezo wa kurudi nyuma.

Kuna atakayesema kwamba wazee hao walitumia rangi chache kwa sababu ya uhaba, na kwamba kumrudisha kijana huko ni kumsifia umaskini. Hoja hii ina uzito. Tingatinga alitumia kilichopatikana madukani, hilo halina ubishi. Lakini uhaba hauelezi zile nafasi tupu kwenye gome: mchoraji alikuwa na wino wa kuzijaza, akaamua kuziacha. Wala hauelezi ufalme wa Buganda, nchini Uganda, ambako kitambaa cha gome cha watu wote kilikuwa cha rangi ya udongo, huku cheupe au cheusi kikiwa cha wafalme na machifu. Hapo rangi ilibeba cheo kwa sababu haikutapanywa. Wengine watasema anayeanza hujifunza kwa kuchezea rangi zote. Achezee, lakini mchezo usio na kipimo haumwonyeshi kosa lake. Kipimo kipo: ageuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama uso na ukuta ulio nyuma yake vimekuwa kijivu kimoja, hakuna rangi itakayoiokoa kazi hiyo.

Kipimo hicho kina faida ya karibu pia. Picha za simu hutazamwa nje, juani, mara nyingi kwenye skrini hafifu zinazofifisha rangi zilizokaribiana. Tofauti ya giza na mwanga ndiyo inayosalia. Kwa hiyo, ndugu unayeanza, chagua rangi tatu: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga. Maliza nazo picha nzima, uigeuze nyeusi na nyeupe, usahihishe. Ya nne iongeze pale tu picha itakapoihitaji.