Tetemeko Moja, Mawimbi Matatu

Tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra, Indonesia.

Wimbi la kwanza lilipita mwambani. Mwamba ni mgumu, ukisukumwa hurudi upesi, ndiyo maana mtikisiko hukimbia kilomita kadhaa kwa sekunde. Baada ya dakika kumi hivi ardhi ya Kenya ilikwisha kutikisika, ila kwa kiasi ambacho mitambo tu ingekihisi.

Tsunami, wimbi la pili, ilipita majini. Penye kina cha kilomita 4 ilikwenda kama kilomita 700 kwa saa, karibu na mwendo wa ndege ya abiria, lakini kimo chake hakikufika mita moja. Nahodha wa jahazi angepita juu yake akiendelea kunywa kahawa. Wala si maji ya Sumatra yaliyokuja huku: maji hupanda, hushuka, husukuma jirani yake, basi. Kina kinapopungua pwani, wimbi hupunguza mwendo na kuinuka. Mombasa lilifika zaidi ya saa nane baadaye, na kwa bahati lilikuta maji yamekupwa.

Wimbi la tatu, la redio, halihitaji hata hewa. Habari zilitangulia bahari, na watu wakaondolewa kwenye fukwe za Kenya. Somalia, ambako onyo halikuwafikia wavuvi, walikufa karibu watu 300.