Mubirizi na pilipili katika zizi la wazee wetu

Huku Fizi na Baraka, kama Kivu nzima, dawa ya mifugo ilitoka shambani. Mbuzi mwenye minyoo alichanganyiwa majani machungu ya mubirizi katika chakula. Kuku walitiliwa pilipili ya kutwanga katika maji. Wengine husema ni ushamba. Basi watazame ng'ambo ya ziwa letu, Mahale, Tanzania. Mwaka 1987 mzee Mtongwe Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman waliona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini cha mubirizi huo huo, na kesho yake akapata nguvu. Wakaandika mwaka 1989. Na Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2006, umekataza antibiotiki za kunenepesha mifugo. Wafugaji kule wakarudia kitunguu saumu na majani ya harufu!

Kwetu vita ya 1996 ilimaliza mazizi. Watu walikimbilia Nyarugusu, na meli za kuwarudisha Baraka zilianza 2005. Kijana aliyekua kambini bila mbuzi alijua jina la mubirizi tu. Kipimo hakukiona, na mubirizi ukizidi, mbuzi anakataa hata chakula chenyewe.