Kasuku Wadogo wa Nassa

Mtama ukianikwa uani huku Nassa, wilayani Busega, wageni hufika jua likiwa bado la asubuhi. Tetere hutua kwanza, wakatembea kwa uangalifu pembezoni mwa turubai. Minana huja kwa fujo, na kwezi hufuata wadudu zaidi kuliko nafaka. Kisha husikika milio mikali ya juu juu, na kundi la kasuku wadogo hupita kwa kasi, likageuka kwa pamoja na kutua kwenye mgunga.

Mtoto aliyewahi kutumwa kuamia ndege shambani huwatambua kwa mlio tu, hana haja ya kuinua macho. Kwa asiyewazoea, alama ni hizi: mwili wa kijani wa urefu wa sentimeta 14 hivi, uso wa rangi ya chungwa iliyokolea, mdomo mwekundu, na duara jeupe la ngozi tupu kuzunguka jicho. Akiruka huonyesha buluu juu ya mkia. Dume na jike hawatofautiani kwa sura.

Vitabu vya dunia nzima vinamwita kasuku wa Fischer. Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyefika Unguja miaka ya 1870 na kuingia bara mara kadhaa akikusanya ndege. Mwaka 1885 alitoka Pangani kumtafuta Wilhelm Junker, msafiri aliyekuwa amekwama kaskazini kwa sababu ya vita vya Mahdi huko Sudan. Alifika Kagehi, kwenye ukingo wa ghuba hii ya Speke, mahali msafiri Stanley alipoishushia majini mashua yake miaka 10 kabla. Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa. Ni majira yale yale Askofu Hannington alipouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Fischer akageuza msafara, akapita upande wa mashariki wa Ziwa Victoria na kurudi pwani mwaka 1886 bila kumpata Junker. Novemba mwaka huo alifariki Berlin, hajatimiza miaka 40.

Ngozi za ndege alizokusanya zilikuwa zimeshafika. Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, alizichambua na mwaka 1887 akamtangaza kasuku huyu kwa jina la marehemu. Wapagazi waliobeba mizigo ile, na wenyeji walioonyesha miti ndege wanakolala, hakuna ndege hata mmoja aliyepewa jina lao. Kwangu hilo ni pengo kubwa katika historia hii, kwa sababu mgeni aliyepita majuma machache asingeweza kujua peke yake wapi pa kutega.

Baada ya ngozi walitakiwa ndege hai. Mwaka 1926 kasuku hawa walikuwa tayari wanazalishwa Marekani. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cornell, William Dilger aliwapandisha na jamaa yao wa kusini mwa Afrika, mwenye uso wa waridi. Kasuku wetu hubeba vipande vya gome kwa mdomo akijenga tundu, kimoja kimoja. Yule wa kusini huvichomeka katikati ya manyoya ya kiunoni na kuruka navyo. Machotara walijaribu kuchomeka, vikadondoka, wakajaribu tena. Iliwachukua miaka hadi wakazoea kutumia mdomo, na hata hapo bado waligeuza kichwa nyuma kwanza, kana kwamba wanataka kuchomeka. Dilger aliyachapisha haya mwaka 1962, na wanafunzi wa tabia za wanyama wanayasoma hadi leo. Hapa Busega unaweza kuitazama nusu ya kwanza ya somo hilo bure, kwenye shimo la mti mkavu.

Umaarufu uliwaletea nyavu. Kufikia mwaka 1987 kasuku huyu alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kupita wote duniani, na karibu wote walitoka Tanzania. Idadi yao porini ilishuka. Marekani ilibana uingizaji kwa sheria ya mwaka 1992, Umoja wa Ulaya ukafunga milango mwaka 2005, na mwaka 2016 serikali yetu ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Ndege huyu bado ameorodheshwa kimataifa kuwa karibu na hatari ya kutoweka.

Waliotoroka au kuachiwa kutoka kwenye vizimba walifanya makao mapya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Naivasha. Huko walikutana na jamaa yao mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, ambaye asili yake ni nyika za Singida na Dodoma, na wakazaliana. Ndiyo maana Naivasha utaona kasuku mwenye uso wa rangi ya udongo, asiyefanana na baba wala mama. Atakayetaka kumwona wa Fischer asiyechanganyika atafute kusini na kusini mashariki mwa ziwa: Nassa, Maswa, na migunga ya Serengeti. Aende asubuhi, karibu na maji, maana kasuku hawa hunywa kila siku.