Mbwa Aliyeoshwa na Mpinzani

Katika mapigano ya mbwa ya karne ya 19, Uingereza na Marekani, kulikuwa na desturi moja kabla ya mbwa kuachiwa: kuosheana mbwa. Mtu wa upande huu alimwingiza kwenye beseni mbwa wa mpinzani wake, akamsugua kichwa, shingo na tumbo, ili ahakikishe hakupakwa sumu kwenye manyoya. Mbwa aliyezalishwa ararue mbwa wenzake alitakiwa atulie mikononi mwa mtu asiyemjua. Hata mapigano yakichacha, watu walikuwa humo humo ulingoni, wakiwashika na kuwaachanisha kwa mikono mitupu. Mbwa mwenye tabia ya kugeuka na kung'ata mtu alikuwa hasara kwa mwenyewe.

Mimi huanzia kwenye beseni hilo kila ninapomsikia mtu akisema pitbull amezaliwa kumchukia binadamu.

Chimbuko la mbwa huyu ni mchezo wa fahali. Kwa karne nyingi Waingereza walimfunga fahali kwenye kigingi na kumwachia mabuldogi wamkamate puani, huku watazamaji wakicheza kamari. Mwaka 1835 Bunge likaupiga marufuku mchezo huo. Kamari haikukoma, ilijificha kwenye vyumba vya nyuma vya vilabu vya pombe, mahali ambapo fahali haingii lakini mbwa wawili wanaenea. Ndipo wafugaji walipozidi kuchanganya buldogi mwenye nguvu na teria mwepesi. Uzao huo ukavuka Atlantiki pamoja na wahamiaji Waingereza na Waayalandi. Mwaka 1898, huko Michigan, Chauncey Bennett alianzisha United Kennel Club na kumwandikisha mbwa wake, Ring, wa kwanza kabisa kwenye daftari. Jina alilolisajili lilikuwa na neno “pit”, yaani ule ulingo wa kupigania, na mbwa huyu analibeba hadi leo.

Wamarekani wa enzi hiyo hawakumwogopa. Mwaka 1914, vita vilipozuka Ulaya, msanii Wallace Robinson alichora mataifa kwa sura za mbwa, na aliyevishwa bendera ya Marekani, katikati kabisa, alikuwa mbwa wa jamii hii. Katika filamu za watoto za Our Gang, mwandani wao alikuwa Pete, pitbull mwenye duara jeusi kuzunguka jicho.

Sura hiyo ilichafuka miaka ya 1980. Mapigano ya siri yalienea, wahuni na wauza dawa za kulevya wakamtaka mbwa wa kutisha watu, na kila mkasa ukapewa kurasa za mbele. Julai 1987 jarida la Sports Illustrated liliweka kwenye jalada mdomo wake uliojaa meno. Denver ilimpiga marufuku mwaka 1989, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1991.

Kisha ikaja Aprili 2007. Polisi waliingia kwenye shamba la Michael Vick, nyota wa kandanda ya Kimarekani, katika kaunti ya Surry, Virginia. Nyuma ya nyumba, msituni, pitbull walikuwa wamefungwa minyororo mizito kwenye ekseli za magari zilizofukiwa ardhini. Kwa kawaida, mbwa wa mapigano walihesabiwa kuwa vielelezo vya kesi, na kesi ilipoisha waliuawa. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalishauri hivyo. Safari hii mahakama iliagiza kila mbwa apimwe peke yake.

Wapimaji waliwategea bakuli la chakula na mkono wa bandia, wakawaonyesha mwanasesere mwenye kimo cha mtoto. Kati ya mbwa 49, mmoja tu aliuawa kwa sababu ya ukali. Wengi waliowakuta walikuwa waoga kupindukia: mtu akikaribia, mbwa analala kifudifudi, anajibana sakafuni kama chapati, hata kichwa hainui. Mahakama ilimtoza Vick zaidi ya dola 900,000 za matunzo yao, na 22 wakapelekwa kwenye hifadhi moja huko Utah.

Wapenzi wa mbwa hawa nao wasivuke mpaka. Ile hadithi kwamba zamani pitbull alikuwa yaya wa watoto haina ushahidi. Ni mnyama mwenye nguvu, uzao wake ulichaguliwa kwa mapigano, na akishika kweli jeraha linaweza kuwa baya sana. Mtoto mdogo asiachwe peke yake naye, wala na mbwa mwingine yeyote. Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Jina la aina yake halitoshi kumhukumu.

Mmoja wa wale wa Virginia, Jonny Justice, mwenye rangi nyeusi na nyeupe, alifunzwa kukaa na watoto waliokuwa wakijifunza kusoma. Mtoto anasoma kwa sauti, anakwama, anarudia, na Jonny amelala kando yake anasikiliza. Wa mwisho wa kundi lile, Frodo, alikufa Desemba 2021, uzeeni, akiwa na familia iliyomchukua.