Athari za muziki wa Magharibi katika Usambara

Athari za muziki wa Magharibi katika Usambara ni mabadiliko yaliyoletwa na nyimbo, ala na mitindo ya muziki kutoka Ulaya na Marekani katika maisha ya Wasambaa na majirani zao wa Milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mabadiliko hayo hayakuanza na redio wala simu za mkononi. Yana umri wa zaidi ya karne moja, na mara nyingi muziki huo ulifika Lushoto na vijiji vyake ukiwa umekwisha kupita mikononi mwa Waafrika wengine na kuvikwa lugha ya Kiswahili.

Muziki wa asili

Kwa Wasambaa, kama kwa jamii nyingine nyingi za Kibantu, ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli yenyewe. Inayojulikana zaidi ni mdumange, inayochezwa katika harusi na sherehe nyingine. Nyimbo ziliimbwa kwa Kisambaa, na kila wimbo ulikuwa na mahali pake: jandoni, harusini, shambani au kwenye tambiko. Kwa hiyo shughuli ikikoma, nyimbo zake hukosa pa kuimbwa, hata kama hakuna wimbo mgeni uliokuja kuzifukuza. Mfano mmoja ni utawala wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vuga. Serikali ilipofuta uchifu baada ya uhuru, mila zilizomzunguka chifu zilipoteza mwenyeji wake. Hapo gitaa halina la kulaumiwa.

Kanisa na matarumbeta

Muziki wa Ulaya uliingia kwanza kwa mlango wa kanisa. Mwaka 1891 wamisionari Walutheri wa Bethel, wakiwemo Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo Mlalo, walichokiita Hohenfriedeberg. Walifundisha nyimbo za Kijerumani zilizotafsiriwa, pamoja na uimbaji wa kwaya kwa sauti kadhaa. Bethel yenyewe, huko Bielefeld nchini Ujerumani, ilikuwa mashuhuri kwa bendi zake za matarumbeta, na ala hizo zimekuwa sehemu ya ibada na sherehe za Walutheri wa Tanzania.

Wamisionari wengi walizikataza ngoma, hasa zilizoambatana na jando na matambiko, na Mkristo aliyecheza alijiweka matatani na kanisa lake. Lakini watu hao hao walikiandika Kisambaa: Agano Jipya katika lugha hiyo lilichapishwa mwaka 1908. Tuni ilikuwa ngeni, maneno yakabaki ya nyumbani. Hali hiyo haikudumu, kwa kuwa baadaye Kiswahili kilichukua nafasi kubwa katika ibada. Kwa upande wa Waislamu, ambao ni wengi milimani, dufu na kaswida vilitoka pwani, na hivyo si kila muziki uliotoka nje ulikuwa wa Kizungu.

Beni na dansi

Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani ya Kenya walianza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, na ngoma hiyo, iliyoitwa beni, ikaenea Tanganyika. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905. Mashamba ya mkonge ya bondeni yalikusanya vibarua wa makabila mengi, na aliyeshuka kutafuta mshahara alikutana huko na michezo asiyoijua kwao.

Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri zenye muziki wa Kuba ziliuzwa Afrika, na rumba ikapendwa. Kuiita rumba muziki wa Magharibi ni kusema nusu ya habari, kwa maana midundo yake ilibebwa na watumwa kutoka Afrika. Mjini Tanga bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ziliicheza kwa magitaa ya umeme, wakiimba kwa Kiswahili.

Sera ya serikali

Julius Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alilalamika kwamba wasomi walijua kucheza twisti na chacha kuliko ngoma za kwao. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Muziki wa nje ulibanwa redioni katika miaka ya 1970, na bendi za nchini zikanufaika. Ngoma za vijijini hazikunufaika vivyo hivyo. Zilipelekwa jukwaani, zikafupishwa kwa ajili ya mgeni rasmi na mashindano ya shule. Mchezo wa usiku kucha ukawa wa dakika chache, na mtazamaji akakaa kitini.

Bongo Flava

Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu redio binafsi, rap na R&B za Marekani zilisikika kwa wingi, na kutokana nazo ikakua Bongo Flava. Mkoa wa Tanga una sehemu yake humo. Mwana FA ni mzaliwa wa Muheza, na kundi la Wagosi wa Kaya lilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wimbo Tanga Kunani, uliozungumzia kudorora kwa mkoa huo. Jina la kundi limetokana na mgosi, yaani mwanamume katika lugha za asili za Tanga. Walichukua mtindo wa Marekani wakautumia kwa lafudhi na kero za kwao.

Hata hivyo wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili, kama ilivyo karibu Bongo Flava yote. Hapa ndipo athari kubwa ilipo kwa Usambara. Kijana wa Soni au Mtae haachi wimbo wa bibi yake ili aimbe Kiingereza asichokielewa. Anauacha kwa ajili ya Kiswahili anachokielewa vizuri, chenye soko la nchi nzima. Maneno ya Kisambaa ya kilimo, ya utani wa harusi na ya jando, yaliyohifadhiwa na nyimbo, hayana nafasi katika muziki huo. Baadhi yake yanabaki kwa wazee pekee, na yasiporekodiwa wakiwa hai hayatapatikana katika sahani wala redioni, kwa sababu hayakuwahi kupigwa huko.