Waliwatoa Wote Uwanjani, Wakakwamia Ubalozini: Historia ya Madogo wa Besiboli wa Uganda

Bukoba ukitaja uwanja, kila mtu anawaza Kaitaba. Ukitaja timu, ni Kagera Sugar, na baada ya hapo ubishi wa Simba na Yanga unaanza hadi chai inapoa. Besiboli? Wengi wameiona kwenye muvi za Kimarekani tu, jamaa kavaa kofia, kashika gongo, anatema mate chini.

Sasa sikia hii. Kijana wa Ijumbi akipanda gari hadi Bukoba, akaunga na basi la Kampala, akavuka mpaka pale Mutukula, akapita Masaka, kabla hajafika Kampala atapita Mpigi. Wilaya hiyo hiyo ya Mpigi ndiko kulikojengwa viwanja vya besiboli ambavyo vimewatoa madogo hadi Marekani. Majirani zetu kabisa hao, wala sio watu wa mbali.

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili, mmoja anarusha mpira kwa nguvu, wa timu nyingine anaupiga kwa gongo, halafu anatoka mbio kuzunguka vituo vinne. Akifanikiwa kurudi pale alipoanzia, timu yake inapata pointi. Ukipiga mara tatu hewani, umetoka. Basi.

MZEE WA KIMAREKANI NA VIWANJA VYA MPIGI

Besiboli ilikuwepo Uganda kabla yake, ila aliyeusukuma mchezo kwa nguvu ni Richard Stanley, Mmarekani mstaafu aliyekuwa mhandisi wa kemia. Huyu mzee alikuwa pia na hisa kwenye timu ya Trenton Thunder, moja ya timu za ligi za chini kule Marekani. Alipofika Uganda hakuishia kugawa mipira na kupiga picha na watoto kama wengi wanavyofanya. Alijenga viwanja, baadaye na shule ya sekondari inayochukua vijana wenye vipaji vya michezo, na akawatafutia madogo njia ya kucheza mashindano ya kimataifa.

Mashindano yenyewe yanaitwa Little League World Series. Ni kombe la dunia la watoto wa miaka kama 10 hadi 12, linachezwa Agosti Pennsylvania, Marekani, tangu 1947. Usidharau neno watoto. Mechi zao zinaonyeshwa laivu na viwanja vinajaa. Hadi 2011 hakuna timu hata moja ya Afrika iliyokuwa imewahi kucheza pale.

2011: TIKETI MKONONI, VIZA HAKUNA

Mwaka 2011 timu ya Rev. John Foundation ya Kampala ilikwenda Kutno, Poland, kwenye mchujo wa Mashariki ya Kati na Afrika. Wakaukamata ubingwa kwa kuifunga timu ya Saudi Arabia, ambayo ilikuwa ya watoto wa wageni wanaofanya kazi kule Dhahran, kwenye mafuta. Fikiria. Madogo wa Kampala wakawa Waafrika wa kwanza kufuzu.

Kilichobaki ni viza tu. Na hapo ndipo pakawa pagumu.

Ubalozi wa Marekani ulipokagua makaratasi ukakuta umri na tarehe za kuzaliwa za baadhi ya watoto hazilingani. Viza zikakataliwa. Nafasi yao ikapewa wale wale wa Saudi Arabia waliowafunga. Madogo wakabaki Kampala, wenzao wanacheza mechi ambazo wao walishazitolea jasho.

Watu wengi walikasirika, wakasema ni ubaguzi tu. Ila haki isemwe: sheria ya umri haikutungwa kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilitikisa mashindano hayo hayo kwa sababu ya mrushaji wao hatari, mpaka ikagundulika kuwa ana miaka 14 wakati mwisho ni 12. Ushindi wao wote ukafutwa. Tangu hapo jicho likawa kali. Kwenye umri huo, miaka miwili ni tofauti kubwa sana kati ya dogo na jitu.

Lakini kuna upande mwingine ambao mtu wa huku kwetu anauelewa bila kuelezwa. Mtoto kazaliwa nyumbani, hakuna cheti. Bibi anakumbuka alizaliwa msimu wa senene, mwaka ule wa mvua nyingi. Alipoanza shule, tarehe ikaandikwa ya kukadiria. Kwenye kadi ya kliniki ni nyingine. Cheti kimekuja kutafutwa miaka kumi baadaye, siku ambayo kinahitajika. Wapo wanaodanganya, ndiyo. Ila wapo ambao hawajawahi kudanganya kitu, na makaratasi yao yanapishana vile vile. Ofisa wa ubalozini hana jinsi ya kujua nani ni nani. Anaangalia tarehe, basi.

WAKANADA WAKAPANDA NDEGE

Kule Marekani, mojawapo ya timu zilizokuwepo ni ya Langley, kutoka Kanada. Hao ndio walitakiwa kukutana na Waganda. Kukawa na watu Kanada ambao hawakukubali yaishe hivyo. Zikachangwa pesa, na Januari 2012 madogo wa Langley wakapanda ndege hadi Uganda ili mechi ile ichezwe. Hata Jimmy Rollins, staa wa Philadelphia Phillies wakati huo, alikwenda.

Matokeo? Uganda 2, Kanada 1.

Haikuwa na kombe wala pointi. Lakini ilijibu swali moja ambalo lilikuwa linawauma: tungeenda, tungeweza? Wangeweza.

2012: ZAMU YA LUGAZI

Miezi michache baadaye timu nyingine ya Uganda ikaenda Poland na kushinda mchujo. Hii ilitoka Lugazi, mji wa kiwanda cha sukari kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Ndiyo, mji wa miwa, kama Misenyi yetu. Safari hii makaratasi yalikamilika, viza zikatoka, na Agosti 2012 Lugazi ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano yale.

Walianza kwa kupigwa na Panama. Wakapigwa tena. Wakabaki na mechi moja dhidi ya Gresham, timu ya Oregon, Marekani. Wakashinda 3-2. Wamarekani kwao, kwenye mchezo wao.

Mwaka 2015 wakaja wa shule ya AVRS, ile shule ya mzee Stanley, wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Hii ni nchi inayozalisha wachezaji wa besiboli kama sisi tunavyozalisha ndizi. Heshima ikakaa.

Na mlango haukufungwa tena. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma. Mwaka huo huo Dennis Kasumba, yule mdakaji aliyetrendi akijifua na matairi mtaani, alikwenda kucheza Frederick Keys kule Maryland.

HUKU KWETU JE?

Tanzania mchezo upo, usidhani haupo. Ulianza kushika kasi 2012 kwa msaada wa Wajapani, na Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli kabisa pale Azania Sekondari. Kagera bado, ila umbali wa kutoka Muleba hadi Mpigi ni mdogo kuliko wa kutoka Muleba hadi Dar.

Cha kuchukua hapa si gongo wala glavu. Kasumba alianza na matairi, vifaa huwa vinapatikana mbele ya safari. Wale wa 2011 walikuwa na kipaji, kocha, uwanja na ubingwa mkononi. Kilichowakwamisha ni karatasi moja ambayo ingetafutwa mapema, mtoto angali mgongoni, isingesumbua mtu. Wengi wa kikosi kile umri uliwapita, hawakupata nafasi ya pili kwenye mashindano yale.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mdogo wako anapiga danadana mia bila mpira kugusa chini, au anakimbia kama upepo, mshangilie. Halafu muulize mama cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi. Kama hakipo, nendeni RITA wiki hii, mkaandikishe tarehe ya kweli. Siku mchongo ukija, hautasubiri bibi akumbuke ulikuwa msimu gani wa senene.