Minara ya Exmouth: Nyambizi Hujificha, Nchi Kavu Hubaki Wazi

Wataalamu wa mikakati ya kijeshi huisifu nyambizi ya nyuklia kwa jambo moja kubwa: hakuna ajuaye ilipo. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Nyambizi isiyopata amri haina kazi, na kwa kawaida amri haiifikii kilindini bila mtambo mkubwa uliosimikwa nchi kavu, mahali panapojulikana na kila mtu. Makala hii inadai kwamba usiri wa nyambizi haukuiondoa hatari. Uliihamishia ardhini, na mara nyingine kwenye ardhi ya taifa lingine. Kituo cha North West Cape, karibu na mji wa Exmouth huko Australia Magharibi, kinalithibitisha hilo.

Chanzo cha yote ni chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri, na kwa sababu hiyo huyameza mawimbi ya redio. Wimbi la FM la megahezi 100 likiingia baharini hufifia hadi kama theluthi moja ya ukubwa wake ndani ya sentimita 2.5 tu. Kituo cha Exmouth hurusha kwa kilohezi 19.8, na wimbi lake hufikia kiwango hicho cha kufifia baada ya kushuka karibu mita 1.8. Tofauti hiyo, ndogo kwa macho, ndiyo inayoiwezesha nyambizi kupokea ujumbe ikiwa mita kadhaa chini ya maji, au kukokota waya mrefu unaoelea karibu na uso wa bahari huku yenyewe ikibaki chini zaidi.

Gharama yake hulipwa ardhini. Wimbi la kilohezi 19.8 lina urefu wa kilomita 15, na antena ya wima inayolitosha ingepaswa kufikia robo ya urefu huo, karibu kilomita 4 kwenda juu. Hakuna awezaye kuijenga. Wahandisi walisimamisha mnara wa kati wa mita 387, wakauzungushia minara mingine 12, wakatandaza nyaya juu yake kama utando wa buibui na kuzika mtandao wa shaba ardhini. Mtambo husukuma megawati 1. Hata hivyo, antena iliyo fupi kiasi hicho mbele ya wimbi lake hupitisha ukanda mwembamba sana wa masafa. Haiwezi kubeba sauti ya mtu. Hubeba herufi za msimbo, polepole. Nayo nyambizi husikiliza tu, kwa kuwa haina pa kuweka antena ya namna hiyo, na kujibu kwa masafa mengine kungefichua ilipo.

Siasa ziliingia kabla hata minara haijasimama. Machi 1963 wajumbe 36 wa Labor, chama cha upinzani cha Australia, walikutana Canberra kuamua kama wakiunge mkono kituo hicho, ambacho Marekani ilitaka kukijenga kwa ajili ya nyambizi zake. Kiongozi wa chama, Arthur Calwell, na naibu wake, Gough Whitlam, hawakuwa wajumbe. Walipigwa picha usiku, wamesimama nje ya Hotel Kingston, wakisubiri kuambiwa msimamo wa chama chao wenyewe. Waziri Mkuu Robert Menzies aliitumia picha hiyo kuwashambulia, na mwaka huohuo akashinda uchaguzi.

Kituo kilizinduliwa 1967. Oktoba 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, Marekani iliyaweka majeshi yake duniani kote katika hali ya tahadhari, na vituo vyake vya Australia vikahusishwa. Whitlam, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, hakuarifiwa kabla. Januari 1974 serikali yake ilipata makubaliano mapya ya kukiendesha kituo kwa pamoja.

Wapo wanaosema hofu kwamba kituo hiki kingeshambuliwa vitani imetiwa chumvi, kwa kuwa Marekani ina njia nyingine. Tangu miaka ya 1960 jeshi lake la majini limekuwa na ndege za kurusha masafa ya chini kama ya Exmouth. Ya sasa, E-6B, huzunguka angani ikiwa imening'iniza waya wa kilomita kadhaa. Lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe. Ndege hizo zipo kwa sababu wenye minara wanajua fika kwamba ingekuwa miongoni mwa shabaha za mwanzo vitani.

Australia ilichukua uongozi wa kituo 1992, kisha mkataba wa 2008 ukawahakikishia Wamarekani haki ya kuendelea kukitumia. Septemba 2021 Canberra ikatangaza, pamoja na Marekani na Uingereza, mpango wa kupata nyambizi zake zenye kuendeshwa kwa nyuklia. Uzito wa minara hiyo kwa Australia unaongezeka, na bunge lake bado linadaiwa mjadala wa wazi kuhusu lile lililomuudhi Whitlam: nani huarifiwa, na lini, amri ya vita inapopitia Exmouth.